Taulo Kumi na Mbili za Ukweni

Mdogo wangu Gody anapenda bakteria kuliko anavyopenda chakula. Sisemi hivi kwa kumsengenya, maana nimeshamwambia usoni zaidi ya mara moja. Ni mtu wa maabara katika zahanati moja ya Bunda, amepanga chumba Nyasura, na simu yake imejaa picha za vijidudu alivyovipiga kupitia hadubini. Watu wengine wakikuonyesha simu unaona watoto wao, au ng'ombe wao. Gody anakuonyesha vijiduara vya zambarau vilivyoshikana kama mayai ya samaki, halafu anasema, "Dada Hyasinta, angalia huyu alivyotulia."

Mimi ni fundi wa kuchapa. Nina kibanda pale Mukendo, Musoma mjini, na ndani yake nina kompyuta, printa, na mashine ya kuchapa kwa joto inayobana kitambaa kama pasi kubwa. Nachapa fulana za misiba, vikombe vya maharusi, mito ya wapendanao. Na nina sheria moja ambayo sikuwahi kuivunja kwa ajili ya mteja yeyote: siandiki maneno kwenye taulo. Taulo ni ya kufutia mwili, si ubao wa matangazo.

Mwezi wa kumi Gody alinijia na wazo. Shule ya msingi iliyo jirani na zahanati yao ilikuwa inaandaa siku ya kunawa mikono, naye alikuwa ameombwa atoe zawadi na azungumze na watoto. "Watoto hawaogopi kitu wasichokiona," aliniambia. "Nataka wakione." Alitaka taulo kumi na mbili, kila moja na picha ya kijidudu chake kilichokuzwa mpaka kienee taulo nzima, na chini ya picha jina la kijidudu hicho kwa herufi kubwa. Nilimwambia picha sawa, majina hapana. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilishinda, kwa sababu mashine ni yangu.

Nisiwe mwongo, zilitoka nzuri. Zile duara za zambarau zilikaa kama shanga. Nyingine zilikuwa vijiti vya waridi vilivyotawanyika kama mchele uliomwagika. Moja ilikuwa na vitu vyembamba vyekundu vilivyojipinda kama dagaa wakikauka mwambani, na hiyo niliipenda kuliko zote. Nilimuuliza Gody ni kina nani hao. Akasema ndio kipindupindu, alivipiga kutoka kwenye slaidi ya kufundishia aliyotoka nayo chuoni. Nikamwambia kumbe ni kizuri hivi, akafurahi kama mtu aliyesifiwa mtoto.

Nilizikunja zote kumi na mbili, nikazitia kwenye mfuko wa shangazi kaja, ule wa nailoni wenye miraba ya bluu na nyekundu, nikaufunga kwa kamba ya katani.

Sasa, kosa langu liko hapo. Wiki ileile tulikuwa tunajiandaa kupeleka blanketi ukweni. Gody alikuwa amemchumbia Rebeka, mwalimu, binti wa Mzee Baltazari wa Murangi. Habari ya ng'ombe ilikuwa imekwisha kuzungumzwa na kukubaliwa. Kilichobaki ni mzigo wa kina mama: vitenge vya mama mkwe na mashangazi, na juu ya yote blanketi la bibi. Na bibi mwenyewe, Bibi Nyanjura, mama yake Mzee Baltazari, alikuwa na sifa iliyotufikia mpaka Musoma. Mchumba wa kwanza wa Rebeka alipeleka blanketi, bibi akalipima kwa mkono mmoja, akasema jepesi, akalirudisha. Kijana yule hajaonekana tena Murangi. Blanketi likirudi, binti haondoki. Ndivyo ilivyo kwao.

Kwa hiyo mimi na mjomba wetu, Mzee Clementi wa Butiama, tulizunguka mjini mpaka tukapata blanketi zito ambalo ukilibeba unasikia mgongo. Nililitia pamoja na vitenge kwenye mfuko. Mfuko gani? Wa shangazi kaja, wa miraba ya bluu na nyekundu. Nikaufunga kwa kamba ya katani.

Asubuhi ya safari gari la Noah lilikuja kibandani, na Mjomba Clementi, aliyekuwa msemaji wetu, alikuwa ameshaanza kupiga honi kwa mkono wake mwenyewe ingawa si dereva. Nani aliyepakia mfuko? Mimi. Najua unachotaka kusema, na mimi nimeshajiambia.

Niligundua tukiwa tumeshafika mlangoni kwa Mzee Baltazari, wenyeji wanapiga vigelegele. Niliinama kuunyanyua ule mfuko huku nimejiandaa kuugua kiuno, ukaja juu kama mfuko wa pamba. Moyo wangu ukashuka mahali mfuko ulipotoka.

"Mjomba," nilinong'ona, "tuufungue huu kidogo."

"Wewe!" Mjomba alinikazia macho. "Mzigo wa ukwe haufunguliwagi na waliouleta. Unataka kuleta mkosi?"

Ni kweli. Kwetu mzigo ukishafungwa kamba, unafunguliwa na shangazi wa binti mbele ya watu wote. Hata kuchungulia hairuhusiwi. Nilijificha nyuma ya gari nikampigia jirani yangu wa kibandani, Boniphace, anayeuza vipuri vya baiskeli. Akachungulia, akaniambia, "Kuna blanketi hapa, limefungwa vizuri kabisa. Mlilisahau?" Nikamkatia simu.

Tuliketishwa. Wanaume upande wa kuume, wanawake upande wa kushoto, na katikati, kwenye kiti cha mbao, Bibi Nyanjura, mdogo wa umbo, macho makali. Ng'ambo ya ua, kwenye mkeka chini ya ukuta wa jiko, alikaa bibi mwingine aliyetugeuzia mgongo nusu. Huyo alikuwa Bibi Sara, mke mwenza. Rebeka alikuwa amemsimulia Gody habari yao, na Gody alinisimulia mimi. Zamani, mwaka ambao ugonjwa ulipita vijiji vya ziwani, Bibi Nyanjura alimzika mtoto wake wa kwanza, Bernado. Mtoto alikuwa amekunywa uji kwa Sara jioni, asubuhi hakuwepo. Nyanjura alisema Sara amemmaliza mwanawe kwa kikombe cha uji. Mume wao alikufa, watoto wengine walizaliwa na kuzeeka, na wale wawili waliendelea kuishi ua mmoja bila salamu, kila mmoja na njia yake ya kwenda ziwani. Mzee Baltazari mwenyewe, na mvi zake, hajawahi kumsikia mama yake akilitamka jina la mwenzake.

Mjomba Clementi alisimama akatoa maneno marefu. Nilimwomba Mungu ayarefushe zaidi. Mwishowe Shangazi Jenipher, dada yake Mzee Baltazari, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya ziwa, alikata kamba.

Alivuta taulo ya kwanza. Vigelegele!

"Jamani, maua!" alisema Shangazi Jenipher. "Tazameni rangi hizi!"

Taulo zikaanza kutembea kutoka mkono hadi mkono. Wanawake walizipapasa, wakaziweka shavuni, wakazijaribu mabegani. Mama mmoja alisema ya zambarau ni kama shanga za bibi yake. Mjomba Clementi, ambaye hajawahi kuona ukimya akauacha salama, alisema, "Hayo ni maua ya Ulaya. Huku kwetu hayaotagi." Nilimtazama Gody. Alikuwa ametoa jasho mpaka kola imebadilika rangi.

"Ya kwanza ni ya mama mkwe, kama kawaida!" alitangaza Shangazi Jenipher, akapitisha moja nyuma ya pazia la mlango.

Nyuma ya pazia lile alikaa Mama Dorotea, mama yake Rebeka. Hakukaa pale kwa kupenda giza. Mkwe na mama mkwe wanaheshimiana: hawatazamani usoni, hawapeani mkono, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Kisha taulo ikatoka nyuma ya pazia ikiruka, ikatua miguuni kwa Mjomba.

"Taulo?" Ilikuwa sauti ya Mama Dorotea. "Mkwe ananiletea mimi taulo ya kuogea? Anataka nikaoge?"

Hapo kila mtu akaelewa alichokuwa ameshika. Wanaume wakatazama chini. Mzee Baltazari akasimama polepole, na sikupenda upole ule.

"Clementi," alisema, "tulisema blanketi na vitenge. Sasa mmetuletea mambo ya bafuni, tena mmeanza na mke wangu. Hii ni dharau. Fungeni mzigo wenu, urudi ulikotoka."

Kutoka chumba cha ndani nilisikia Rebeka akisema "Baba!" halafu akanyamazishwa. Gody alikuwa amefumba macho. Nilimwona hivyo mara moja tu maishani, siku matokeo ya kidato cha nne yalipochelewa. Hasira ikanipanda, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumkasirikia isipokuwa mimi, nikasimama.

"Kosa ni langu," nilisema. "Mimi Hyasinta, dada yake. Blanketi lipo Mukendo, zito, hata Mjomba lilimshinda kulibeba. Mifuko ilifanana, nikapakia usiokuwa wenyewe. Hizi taulo ni za wanafunzi wa Bunda. Mkitaka kumrudisha mtu, nirudisheni mimi, huyu kijana hajui lolote."

"Shule gani inagawa taulo?" aliuliza Shangazi Jenipher, ambaye bado hakuwa ameiachia yake.

Ndipo tukasikia kicheko. Bibi Nyanjura alikuwa anacheka mpaka mabega yanapanda.

"Baltazari, keti," alisema. "Nani amekwambia hizo ni za Dorotea? Huyu ni mume wangu, mimi na Rebeka tunamgawana. Mume akiniletea taulo kuna ubaya gani? Ninyi ndio mmezoeaga kuniona na uchafu." Wanawake wakaangua kicheko, na hata kutoka nyuma ya pazia kikatoka kicheko kimoja kilichozuiliwa. Bibi anaweza kumtania mume wa mjukuu atakavyo, na hakuna wa kumkataza. Aliiokota ile taulo miguuni kwa Mjomba, akaikunjua. Ilikuwa ile niliyoipenda, yenye vyekundu vilivyojipinda.

"Njoo hapa, mume wangu," alimwita Gody. "Blanketi langu limelala Musoma, hilo tutaliona. Kwanza niambie, haya ni maua gani?"

Gody alipiga magoti mbele yake. Mimi nilikuwa karibu, nikamfinya mgongoni kwa kucha. Neno moja tu lilihitajika. Ulaya, Ulaya, mjomba ameshakutengenezea njia, sema maua ya Ulaya, ule wali, uoe. Lakini nimemlea mwenyewe yule, na ninajua hawezi kusema uongo hata kwa faida yake.

"Siyo maua, Bibi," alisema. "Ni bakteria. Vijidudu vya magonjwa. Nimevipiga picha maabara."

Sijui nikusimulieje kilichofuata. Taulo kumi na moja zilikwenda hewani. Shangazi Jenipher alikimbilia ndoo, akanawa mpaka viwiko, akageuka kutafuta cha kujifutia, akaokota taulo iliyokuwa karibu, akajifutia, akapiga kelele, akanawa tena. Mama wa shanga za bibi yake alikuwa anajisugua shavu kwa majivu. Mjomba Clementi alipandisha miguu juu ya kiti.

"Ni picha!" Gody alipaza sauti. "Ni wino tu! Hakuna mdudu hata mmoja hapo!"

Mtu pekee ambaye hakutupa kitu alikuwa Bibi Nyanjura. Taulo ilikuwa bado magotini mwake.

"Na hawa?" aliuliza. "Hawa wangu ni wa ugonjwa gani?"

Gody alinitazama. Safari hii sikumfinya.

"Kipindupindu, Bibi."

Kelele zilikatika zenyewe. Bibi aliisogeza taulo karibu na macho, akapitisha kidole juu ya kimoja kilichojipinda, kuanzia kichwani hadi mkiani.

"Ndio sura yake hii?"

"Ndiyo, Bibi. Nimemkuza sana. Mwenyewe haonekani kwa macho."

"Anatumwa na nani?"

"Hatumwi, Bibi. Hakuna mtu anayemtuma. Anakaa kwenye maji yaliyoingiwa na uchafu. Hata ya ziwa."

"Mtu akipika uji kwa maji hayo?"

"Uji ukichemka anakufa. Hawezi moto." Gody alifikiri kidogo. Angeweza kuishia hapo, lakini ndivyo alivyo, jibu lake lazima litimie. "Ila kikombe, Bibi. Ukikisuuza kikombe kwa maji yale yale mabichi ukatilia uji, anapita hapo."

Bibi aliinama juu ya taulo. Sikumfahamu kabla ya siku ile, lakini nilitamani kumshika mkono. Alipozungumza, hakuzungumza na Gody.

"Alikisuuza," alisema. "Nilimwona akikisuuza. Kikombe cha bati, maji ya mtungini." Akatazama upande wa jiko. "Hata mimi nilikuwaga nasuuza hivyo hivyo. Mtungi ulikuwa mmoja."

Chini ya ukuta wa jiko Bibi Sara alikuwa ameinua kichwa. Bado alikuwa ametugeuzia mgongo nusu, lakini sikio lilikuwa huku.

Bibi Nyanjura akasimama. Rebeka alitoka mbio ndani kumshika, bibi akamsukuma. Alivuka ua peke yake, taulo mkononi, hatua ndogondogo, na Mzee Baltazari alikuwa ameshika kofia yake kifuani kama mtu aliye kanisani. Bibi alisimama mbele ya mkeka.

"Sara," alisema.

Lile jina lilikuwa halijatoka mdomoni mwake tangu mwanawe azikwe. Bibi Sara alishtuka kama aliyeguswa.

"Sara, siyo wewe. Ni huyu." Akaitandaza taulo chini, mbele ya miguu ya mwenzake. "Nimekutukana miaka yote hii, na mwenyewe ni huyu hapa."

Bibi Sara aliitazama taulo muda mrefu. "Nilikuapiaga," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuapia juu ya wanangu."

"Uliniapia. Sikusikia." Bibi Nyanjura alimpa mkono. "Simama, mwenzangu. Tumkanyage huyu mbwa."

Wakasimama juu ya taulo ile, vikongwe wawili, wameshikana mikono ili wasianguke, wanasugua nyayo zao pale penye vyekundu. Mmoja wao akaanza kulia na mwingine akaanza kucheka, na hata sasa sijui nani alikuwa nani. Mimi nililia waziwazi. Shangazi Jenipher alilia pia, akatafuta cha kujifutia machozi, akasita, kisha akachukua taulo ya zambarau na kuitumia.

Bibi alipogeuka, alimkuta Mjomba Clementi bado miguu iko juu ya kiti.

"Shusha miguu, wewe msemaji," alisema. "Blanketi mtaleta Jumamosi. Mume nimemchukua leo. Amekuja na mdomo usiojua uongo, huo ni mzito kuliko blanketi." Kisha akatazama pazia. "Na wewe Dorotea, toka humo ukapakue chakula, hakuna aliyekwambia ukaoge."

Jumamosi tulipeleka blanketi. Safari hii niliufunga mfuko kwa kamba nyekundu na kuukalia njia nzima. Bibi Nyanjura hakulipima hata kidogo. Alilitupia kitandani bila kulitazama, akaturudisha uani, maana yeye na Bibi Sara walikuwa katikati ya mabishano kuhusu chumvi kwenye samaki na alitaka tuamue. Walikuwa na deni kubwa la maneno ya kulipana. Siku ya kunawa mikono ilikwenda vizuri, kwa taulo kumi na moja, na mtoto mmoja wa darasa la pili alimuuliza Gody kama bakteria wana mama.

Wiki iliyopita Rebeka, ambaye sasa ni wifi yangu kamili, alinipigia simu. Ile taulo ya bibi imelala kwa Bibi Sara, na Bibi Sara hataki kuirudisha. Anasema aliyekosewa ni yeye, basi taulo ni yake. Kwa hiyo Bibi Nyanjura anaomba nyingine kama ile.

"Ila anataka uandike jina chini ya picha," Rebeka alisema. "Nimemwambia wewe huandikagi kwenye taulo. Amesema nikuambie hivi: liandikwe jina la huyo mdudu, kubwa, wajukuu wote walisome, ili mtu mwingine asije akasingiziwa."

Niliiwasha mashine. Nilitandika taulo nyeupe, nikaweka vile vyekundu vilivyojipinda, na chini yake, kwa herufi ndefu kama kiganja changu, nikaandika KIPINDUPINDU.

Kisha nikachapa ya pili kama hiyo, nikaitundika mlangoni mwa kibanda.